Bangili za kukazia sabufremu ya nyuma: kupima, kukereza na kufunga mwenyewe

Ukiendesha Nissan Skyline R33 au R34, au Nissan Laurel C34 au C35, huenda unaijua ile sauti. Unaondoka kwenye taa, unakanyaga mafuta, na nyuma inapiga "duk" moja nzito chini ya kiti. Unaachia mafuta, inapiga tena. Kwenye kona ndefu gari linaingia vizuri, kisha katikati ya kona nyuma inasogea kidogo, nawe unalazimika kurekebisha usukani. Watu hubadilisha shokapu, hubadilisha bushi za mikono, hufunga springi fupi, na ile "duk" inabaki palepale.

Mara nyingi kinachosogea ni sabufremu yenyewe, ile fremu ya chuma inayobeba difu na mikono ya tairi za nyuma. Dawa yake ni bangili: pete za plastiki ngumu au alumini zinazoziba uwazi ulioko kati ya sabufremu na bodi. Zipo za kuagiza nje, lakini hakuna kitu ndani yake ambacho mkereza vyuma wa Gerezani au wa Kamukunji hawezi kukitoa kwa nusu siku ukimpelekea vipimo sahihi. Kazi ngumu ni hivyo vipimo, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

Sabufremu imekaaje

Kwenye Nissan hizi, sabufremu ya nyuma, ambayo mafundi wengi huiita krosmemba ya nyuma, hubeba difu na mikono yote ya tairi za nyuma. Haikuchomelewa kwenye bodi. Kutoka kwenye bodi zinashuka nguzo nne za chuma zenye nyuzi, sabufremu inavishwa kwenye nguzo hizo, kisha inabanwa kutoka chini kwa nati nne. Kati ya kila nguzo na chuma cha sabufremu kuna bushi.

Bushi hiyo ina sehemu tatu: bomba la ndani la chuma linalovaa nguzo, mpira, halafu kasha la nje la chuma lililoshindiliwa kwenye tundu la sabufremu. Ukikaza nati, unabana bomba la ndani kati ya bodi kwa juu na washa kubwa kwa chini. Sasa angalia vizuri: bomba la ndani ni refu kuliko kasha. Limechomoza juu, limechomoza na chini. Ndiyo maana kuna uwazi wa milimita kadhaa kati ya sabufremu na bodi, na uwazi mwingine kati ya sabufremu na washa ya chini. Sabufremu inaelea kwenye mpira ndani ya uwazi huo. Waliounda gari waliuacha makusudi, ili mlio wa difu na mtetemo wa barabara usipande ndani. Ila R33 ilianza kutoka mwaka 1993 na R34 mwaka 1998, kwa hiyo mpira huo umekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka 20. Umechoka, na sabufremu inacheza kuliko ilivyokusudiwa.

Bangili inazunguka lile bomba la ndani bila kulibana. Ya juu inakaa kati ya sabufremu na bodi, ya chini kati ya sabufremu na washa. Nguzo nne, bangili mbili kila nguzo, jumla nane.

Na hili lisome mara mbili: bangili haibebi mkazo wa nati. Mkazo wa nati lazima upite kwenye bomba la ndani, chuma kwa chuma, kutoka washa hadi kwenye bodi. Bangili inajaza nafasi iliyobaki pembeni tu.

Seti yangu ya kwanza niliikosea hapohapo. Niliona kwamba bangili zikiwa nene zaidi zitakaza zaidi, nikaongeza milimita moja na nusu kila upande. Nikakaza nati, spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ikalia "tak" kama inavyotakiwa, nikaridhika. Wiki ya pili nipo njia ya Morogoro, nimepita Mlandizi, nasikia nyuma inagonga kuliko hata kabla sijagusa chochote. Nikaegesha pembeni, nikachungulia kwa tochi. Nati ya nyuma kushoto niliizungusha kwa vidole. Plastiki ilikuwa imeminyika na kutulia, na kwa kuwa nati ilikuwa inabana plastiki badala ya bomba la chuma, mkazo wote ulikuwa umekwisha. Nilirudi Dar kwa mwendo wa baiskeli, nikiwa nimeikaza kwa spana ya kawaida ya kwenye buti, na nikazitoa zote usiku uleule.

Kabla hujakata chochote

Lipandishe gari kwenye stendi imara, ingia na mtaimbo mfupi na taa. Weka ncha ya mtaimbo kati ya sabufremu na bodi karibu na kila nguzo, usukume taratibu huku mwenzako akiangalia. Mpira mzima husogea kidogo na kurudi. Mpira uliokatika hufungua mdomo, utaona ufa mweusi unaochanua kando ya bomba la ndani. Ukiukuta huo, au ukikuta mpira umelowa mafuta ya difu na umekuwa laini kama jibini, acha habari za bangili kwanza. Badilisha bushi. Bangili huzuia zaidi sabufremu isipande na kushuka. Kwenda pembeni na mbele na nyuma bado kunazuiwa na mpira.

Kisha angalia kutu. Gonga kwa nyundo ndogo eneo la bodi linalozunguka kila nguzo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kitambaa. Pale pasipolia, chokonoa kwa bisibisi. Magari yanayokaa Tanga, Mombasa, Unguja au kandokando ya bahari Dar yanakula chumvi kila siku, na gari lililotoka sehemu za theluji za Japani linaweza kuwa limefika na kutu yake tayari, kwa sababu kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Kukaza sabufremu ni kuhamishia nguvu kwenye bodi, maana ule mpira uliokuwa ukimeza mapigo sasa haumezi tena. Wenye BMW 3 Series E46, zilizotoka kati ya 1998 na 2006, wanajua vizuri bodi inavyopasuka pale inaposhika sabufremu ya nyuma, hadi watu huchomelea vibamba vya kuimarisha. Kama sakafu ya gari lako imeanza kuliwa, pesa ya bangili ipeleke kwa mchomeleaji.

Mwisho, zitazame nguzo zenyewe. Nyuzi zikiwa zimelika au nguzo imepinda, huna pa kuanzia. Safisha kwa brashi ya waya, paka mafuta ya kulegeza kutu, rudia jioni tatu mfululizo kabla ya siku ya kazi. Nguzo ikikatika ndani ya bodi, siku moja inakuwa wiki mbili.

Malighafi

Kwa gari la kila siku, ninachokipendekeza ni asetali, ile plastiki ngumu ambayo wauzaji wa fimbo za plastiki za viwandani huijua kwa jina la POM. Ni ngumu, haivuti maji kwa kiasi cha kukusumbua, inakerezeka kama siagi na haiminyiki ovyo. Nunua fimbo yenye kipenyo kilichozidi kidogo kipenyo cha nje cha bangili yako.

Nailoni ndiyo utakayoipata haraka, kwa sababu bushi za malori hukerezwa nayo kila siku. Inafaa, lakini inavuta unyevu na kuvimba, kwa hiyo tundu la katikati liache pana zaidi kidogo. Mbao za plastiki za kukatia nyama, zile nyeupe, ni polithini nzito. Zinavutia kwa bei, ila zikibanwa muda mrefu hulala na kupungua unene. Niliwahi kuzijaribu, baada ya miezi minne zilikuwa zimeacha alama ya sabufremu kama muhuri kwenye nta.

Alumini ni ya gari la mashindano. Inafunga kabisa, na mlio wa difu utaupata wote masikioni. Ukiichagua, nunua fimbo ya aloi ya daraja la 6061, usikubali alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa mtaani kwa ajili ya masufuria. Sufuria zake ni nzuri, lakini ukiikata ndani unakuta vitundu vya hewa, na pete yenye vitundu hupasuka. Pia alumini ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi huliwa, kwa hiyo kila uso upakwe grisi.

Kuna njia ya nne kwa asiye na mkereza: kujaza mapengo ya bushi kwa gundi ya poliurethani ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Si bangili hasa, lakini inapunguza mchezo. Osha mpira kwa spiriti hadi kitambaa kitoke kikavu na safi, jaza kwa tabaka, ipe siku nyingi. Gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, milimita chache kwa siku, kwa hiyo pengo nene likiguswa baada ya siku mbili ndani bado ni uji. Silikoni ya bafuni haifai, msijisumbue.

Kupima

Andaa kipimo cha venia, kile cha kalipa, kalamu isiyofutika, karatasi nane, na donge la unga wa ngano uliokandwa kama wa chapati lakini mkavu zaidi. Nitaeleza unga wa nini.

Namba unazozihitaji kwa kila nguzo ni tano: urefu wa bomba la ndani, kimo cha kasha la nje, kipenyo cha nje cha bomba la ndani, kipenyo cha nje cha kasha pale bangili itakapokalia, na jinsi uwazi ulivyogawanyika juu na chini gari likiwa limesimama kwenye tairi zake.

Namba nne za kwanza ni rahisi kama una bushi nyingine mkononi au sabufremu imeshushwa. Ya tano ndiyo inayowashinda watu. Gari likiwa hewani, sabufremu inaning'inia kwa uzito wake na uwazi wa juu unakuwa mkubwa. Gari likishuka kwenye tairi, mzigo unabadilika, sabufremu inasogea, na uwazi wa juu na wa chini unagawanyika upya. Ukipima hewani na kukereza kwa namba hizo, bangili zinaweza kutoka nene mno upande mmoja.

Hapo ndipo unga unapoingia. Legeza nati ya nguzo moja, shusha sabufremu kidogo upande huo. Viringisha vidonge viwili vya unga, kila kimoja kizungushie mfuko mwembamba wa plastiki, kimoja kiweke juu na kimoja chini, pembeni ya bomba la ndani na si juu ya ncha yake. Kaza nati yote. Teremsha gari kwenye tairi, lisukume mbele na nyuma mita moja ili tairi zikae, bonyeza buti mara mbili tatu. Pandisha tena, legeza, toa vidonge kwa uangalifu. Sasa una ukungu wa uwazi halisi. Kata kidonge katikati kwa wembe na upime unene wake kwa venia bila kuubana. Leta taya za venia ziguse tu. Fanya hivyo sehemu mbili za kila nguzo, mbele na nyuma ya bomba, kwa sababu mpira uliochoka hulala upande.

Kuna namna ya kujihakikishia. Uwazi wa juu ukijumlisha na wa chini lazima ulingane na urefu wa bomba la ndani ukitoa kimo cha kasha. Jumla hiyo haibadiliki, gari liwe hewani au chini. Tuseme bomba lina milimita 78.6 na kasha 63.2. Tofauti ni 15.4. Unga wa juu umekupa 7.1 na wa chini 8.3, jumla 15.4. Umepima sawa. Ukipata jumla ya 16 na kitu, unga ulirudi ulipoutoa au venia iliegemea. Rudia. Namba hizi ni za mfano wa hesabu, usizipeleke kwa mkereza.

Kutoka kwenye kipimo hadi kwenye bangili

Unene wa bangili ni uwazi wake, pamoja na mbano mdogo ili isicheze. Mbano unategemea malighafi na unategemea bangili inakalia nini. Kama inakalia mdomo wa mpira, mpira utaupokea mbano. Kama inakalia chuma kitupu cha kasha, hakuna cha kuupokea. Kwa asetali juu ya mpira mimi huongeza milimita 0.3 juu na 0.3 chini. Kwa asetali juu ya chuma kitupu, 0.1. Kwa alumini juu ya chuma, sifuri, na ikitokea kosa liwe la kupungua. Kwa poliurethani laini unaweza kwenda hadi 0.5 kila upande.

Tundu la katikati liwe pana kuliko bomba la ndani kwa milimita moja ya kipenyo. Bangili ikilibana bomba itatafunwa na kupiga kelele. Kipenyo cha nje kisizidi cha kasha, na uangalie juu kama bodi ina mikunjo au mishono ya kuchomelea inayoweza kuigusa. Kwenye baadhi ya bushi kuna mfereji kati ya mpira na bomba; bangili ikikerezwa shingo fupi inayoingia kwenye mfereji huo, inajishika yenyewe katikati na haihami. Shingo ya milimita tatu inatosha. Iache nyembamba, isifike chini ya mfereji.

Chora kila bangili kwenye karatasi yake: imekatwa kati kama chungwa, unene, tundu, kipenyo, shingo. Andika mahali inapokwenda, kwa mfano "mbele kulia, juu". Zisichanganywe, kwa sababu nguzo nne hazifanani na ulipima ili usizifananishe.

Kwa mkereza

Mzee ninayempelekea kazi zangu ana mashine ya kukereza iliyomzidi umri mtoto wake mkubwa, na anatoa vitu vilivyonyooka kuliko baadhi ya vinavyotoka kwenye maboksi. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mzee, nikatie kama milimita nane hivi." Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, 'kama' siikerezi. Kapime, urudi." Nikaenda kupima.

Mambo matatu mwambie kabla hajawasha mashine. Kwanza, plastiki hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya chuma, kwa hiyo kipimo cha mwisho kichukuliwe ikishapoa. Bangili ya asetali yenye kipenyo cha milimita 80 ikipoa nyuzijoto 30 hupungua karibu robo ya milimita. Pili, kisu kiwe kikali sana na mkato uwe mwepesi. Kisu butu hukwangua na kuipasha moto. Tatu, taka za asetali zisichomwe jikoni wala jalalani karibu na watu, zinatoa moshi wenye formaldihaidi unaochoma macho na koo. Zifunge kwenye mfuko.

Mwombe azikate kingo zote mshazari mdogo wa milimita moja ili zisiwe kali. Kisha uamuzi mmoja: pete nzima au nusu mbili. Pete nzima inahitaji sabufremu itoke kabisa kwenye nguzo, maana yake breki, nyaya za hendibreki, propela na ekzosi vyote vifunguliwe. Pete iliyopasuliwa katikati kwa msumeno mwembamba inaingizwa kutoka pembeni, nusu huku na nusu kule, sabufremu ikiwa imeshushwa kidogo tu. Kwa kazi ya nyumbani chagua nusu mbili. Shingo ikikaa kwenye mfereji haziendi popote.

Asiye na mkereza karibu anaweza kukata pete kwenye bamba la asetali kwa drili na misumeno ya tundu, wa nje kwanza kwa kina cha nusu, kisha wa ndani hadi upande wa pili, halafu amalizie wa nje. Unene unapatikana kwa kusugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, ukizungusha mkono kama namba nane na kupima kila baada ya dakika mbili. Bila shingo, na kwa subira nyingi. Inachukua siku nzima, lakini nimeona seti iliyotoka hivyo na ilikuwa sawa.

Kufunga

Stendi zikae chini ya bodi, kwenye sehemu zake za kunyanyulia. Zisikae chini ya sabufremu, kwa sababu sabufremu ndiyo unayoishusha. Tairi za mbele ziwekewe vizuizi. Tairi za nyuma zitoe na uzilaze chini ya kingo za bodi. Gari likianguka zitakupa nafasi ya kupumua. Jeki ya magurudumu pamoja na ubao mnene iwe chini ya sabufremu. Usiingize kichwa wala mkono mahali panaposhikiliwa na jeki peke yake.

Kagua kila kitu kinachoruka kutoka bodi kwenda sabufremu: mipira ya breki, waya wa hendibreki, waya za ABS, na kwenye magari yenye HICAS, ule mfumo unaogeuza tairi za nyuma, waya au mabomba yake. Toa klipu zinazovutika. Ekzosi ifungue mpira wa kuning'inizia wa nyuma. Kama nguzo zako zina vibamba vidogo vinavyoziunganisha na bodi, fungua bolti zake kwanza.

Anza na nguzo za nyuma. Legeza nati za mbele mizunguko minne mitano na uziache hapo. Toa nati za nyuma na washa zake. Shusha jeki polepole hadi upate milimita 30 au 40 juu ya kasha. Usipitilize, na mwenzako aangalie mipira ya breki wakati wote. Usitoe nati zote nne kwa pamoja hata kama unaona jeki imetulia.

Safisha uso wa bodi na uso wa kasha kwa brashi na kitambaa. Punje moja ya mchanga chini ya bangili inatosha kuharibu kipimo ulichokihangaikia.

Sasa jaribio ambalo lingeniokoa pale Mlandizi. Paka rangi ya mdomo, ya kina mama, tabaka jembamba kwenye ncha ya juu ya bomba la ndani na kwenye ncha yake ya chini. Weka bangili kavu, pandisha jeki, rudisha washa na nati, kaza hadi toki ya kitabu cha ukarabati cha gari lako. Legeza tena, shusha, tazama. Unataka kuona duara jekundu kamili kwenye bodi na duara jingine kwenye washa. Hapo bomba limebanwa chuma kwa chuma. Duara nusu maana yake bangili ni nene upande mmoja au kuna uchafu. Hakuna duara kabisa: bangili ni nene, toa, sugua kwenye msasa juu ya kioo sehemu moja ya kumi ya milimita, jaribu tena. Mimi hufanya hivi kwa kila nguzo, na kwenye gari langu bangili moja ilinirudisha mara tatu.

Duara likitimia, futa rangi yote, paka bangili grisi ya silikoni, iliyo rafiki kwa mpira, funga kwa mara ya mwisho. Nati za kujifunga zilizokwisha kutolewa usizirudishe, nunua mpya. Kisha fanya zile za mbele kwa utaratibu uleule.

Zote nne zikishakaa, kaza kwa mkono, halafu nusu ya toki kwa mpishano, mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, halafu toki kamili kwa mpangilio huohuo. Chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye washa. Ukiinama siku nyingine na mstari umekatika, unajua nati imesogea bila hata kushika spana.

Barabarani

Kilomita za kwanza ziendeshe mtaani, madirisha wazi, redio imezimwa. Ondoka taratibu, ondoka kwa nguvu, funga breki, rudi nyuma na ukate usukani. Ile "duk" iwe imeondoka au imebaki kidogo sana. Ikibaki yote, chanzo ni kingine: bushi za difu, au viungo vya draivshafti. Ukisikia mlio mwembamba wa difu kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa, hiyo ni bei ya kazi. Kwa asetali ni mdogo; abiria wa mbele hausikii. Kwa alumini utausikia kila safari.

Mlio wa chuma kugonga chuma si bei ya kazi. Simama uangalie.

Baada ya kilomita 50 pima toki ya nati zote nne. Baada ya 500, tena. Plastiki mpya hutulia kidogo, na kama ulifuata jaribio la rangi, nati hazitakuwa zimelegea hata nukta. Peleka gari wakapime alaimenti, kwa sababu sabufremu iliyoshushwa hairudi sehemu ileile hadi milimita, na tairi za nyuma zilizopinda kidogo zitaisha ndani ya miezi michache. Kila unapobadilisha mafuta ya injini, inama na tochi: tazama ile mistari minne nyeupe, kisha pitisha kidole kwenye bodi kuzunguka kila nguzo ukitafuta ufa wa rangi. Rangi hupasuka kabla ya chuma, nawe ukiuona ufa huo toa bangili siku hiyohiyo na upeleke gari kwa mchomeleaji likiwa na bushi zake tupu.